Soksi Nne Ndani ya Kiatu cha Kiangazi

Jumamosi kwetu Alder Bay huanza na soksi. Kabla ya uji, kabla ya mtu kupiga mswaki, bibi yangu Impi husimama karibu na jiko la kuni na kuzikagua soksi za sufu zilizolala kwenye kamba, moja baada ya nyingine, kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Soksi yenye unyevu haitoki nyumbani. Buti ambalo sufu yake ya ndani haikutolewa na kukaushwa halitoki pia. Bibi alipeleka barua kwa miguu katika mji huu miaka thelathini na mmoja, theluji ikiwa magotini, na mpaka leo ana vidole vyote kumi. Hilo huwaambia watu hata wasipomuuliza.

Mimi ni Saima Korpela. Wakati ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa katika klabu ya watoto ya baiskeli za milimani. Kwetu baiskeli haiwekwi stoo baridi ikija. Tunafunga matairi manene, na watu wazima wa klabu hupita na mashine msituni kila Ijumaa kuishindilia theluji, hivyo Jumamosi asubuhi njia huwa ngumu na iliyosawazika kati ya misonobari. Niliipenda njia ile kuliko kitu kingine chochote. Nalisema hilo mapema ili mjue kwa nini nilifanya upuuzi nilioufanya.

Mabuti yangu yalikuwa ya raba chini na ngozi juu, na ndani yake kulikuwa na sufu nene iliyoshindiliwa. Bibi aliyachagua kwa njia yake. Alinisimamisha jioni, wakati miguu imevimba kidogo, nikiwa nimevaa soksi ya baridi, juu ya kipande cha boksi. Akauchora mguu kwa penseli, akaongeza upana wa kidole gumba kwa mbele, akakata. Kisha akaenda dukani na boksi lile mfukoni, na kila buti ambalo boksi lilijikunja ndani yake alilirudisha rafuni bila kumsikiliza muuzaji. Nikaishia na mabuti makubwa, mazito, yasiyo na sura yoyote. Lakini ndani yake vidole vyangu viliweza kucheza, na miguu yangu ilikuwa na joto siku zote.

Kocha wetu aliitwa Bwana Garth Trembath. Hakuwa mtu mbaya, na nitalisema hilo mara moja tu kwa sababu bado nina hasira naye. Mwezi wa Januari alitukusanya kwenye banda la baiskeli akatuambia kwamba mwaka huu klabu itapeleka timu ya watu wanne kwenye mbio za kupokezana za Februari, na kwamba safari hii anataka kushinda. Kwa hiyo aliweka sheria. Kila atakayeingia kwenye timu atavaa viatu vya kunasa, vile vyenye kipande cha chuma chini ya soli kinachojifunga kwenye pedali. Mabuti ya kawaida huteleza, alisema, na timu inayovaa hovyo huendesha hovyo.

Nilikuwa wa pili kwa mwendo, nyuma ya rafiki yangu Rosalie Beauchaine. Kocha akaniita mbele, akalishika buti langu moja, akalipima uzito mkononi.

"Hili ni la kwenda kulishia ng'ombe," alisema.

Banda zima likacheka. Kuanzia siku hiyo Wendell Pryor aliniita Mkulima. Mjomba wangu ni mkulima, na ana akili kuliko Wendell na ukoo wake wote, lakini siku ile sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Nilichomwambia kocha ni kwamba viatu vilivyokuwa ndani ya boksi lake la kuazimisha ni vya kiangazi. Vina matundu ya kupitisha hewa. Miguu itaganda.

"Vaa soksi mbili," alijibu. "Ikizidi, vaa tatu. Sisi wote tulianza hivyo. Asiyetaka aseme sasa nimpe mwingine nafasi."

Nani angesema? Nilichukua viatu.

Nyumbani bibi aliviweka mezani juu ya gazeti. Akaleta lile boksi lililokatwa kwa umbo la mguu wangu, akalitia ndani ya kiatu, na boksi likajikunja mbele na pembeni. Akageuza kiatu na kugonga kile chuma kwa kucha. Alinieleza kwamba chuma kile huvuta baridi kutoka kwenye pedali na kuipandisha mpaka kwenye unyayo, na kwamba mguu hupashwa na damu, si na soksi. Soksi kazi yake ni kulinda joto ambalo damu imeleta. Ukizibana soksi tatu ndani ya kiatu chembamba, umeufunga mguu kamba.

"Lakini wenzangu wote wanavaa hivyo, bibi."

"Wenzako wote hawana bibi?"

"Unataka nitolewe kwenye timu."

"Nataka urudi nyumbani na vidole," alisema, akavisukuma viatu upande wangu. "Mrudishie mwenyewe."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Mpaka leo nikikumbuka ninajionea aibu, kwa sababu hasira yote ile niliielekeza kwa bibi, ambaye hakuwa amenifanyia kosa lolote, na sikumwekea hata chembe yule mtu mzima aliyenicheka mbele za watu. Viatu sikuvirudisha. Nilivificha chini ya begi la shule, na Jumamosi iliyofuata niliondoka nyumbani na mabuti yangu miguuni, nikambusu bibi shavuni, nikaenda kubadilisha nyuma ya mlango wa banda.

Rosalie ndiye aliyenifundisha namna ya kuvaa. Kwanza soksi nyembamba, halafu nene, halafu nene nyingine, na juu yake mfuko wa plastiki wa mkate ili upepo usipite. Ikabidi tukae chini na kuvuta kamba za viatu sisi wawili. Kwenye banda lile soksi zilikuwa zimegeuka mashindano. Huyu anasema amevaa tatu, yule anasema nne, na mwenye nyingi anatembea kifua mbele. Rosalie alikuwa na nne. Hakuna aliyejiuliza mbona wenye soksi nyingi ndio waliokuwa wakipiga miguu chini kila tukisimama.

Kilomita mbili za mwanzo vidole viliniuma mpaka nikang'ata kola ya jaketi. Kisha maumivu yakaisha yenyewe. Nikafurahi. Nikadhani damu imechemka, kama kocha alivyotuahidi, na nikaendesha vizuri kuliko siku zote. Wakati wa kushuka nilihisi kama nimesimama juu ya vipande viwili vya mbao, lakini hata hilo nililiona la kawaida.

Kabla ya kurudi nyumbani nilikumbuka kwamba bibi atakagua mabuti. Angeyakuta makavu kabisa, na angejua. Kwa hiyo nilichota theluji nikaisugua ndani ya sufu mpaka ikalowa. Jioni ile tulipoingia sauna, chumba chetu cha mvuke wa moto, kama ilivyo kawaida yetu kila Jumamosi, bibi aliona vidole vyangu vimekuwa vyekundu na vinawasha. Nilimwambia nimekanyaga maji kwenye kijito. Aliniamini. Alitoka, akayatazama mabuti, akaona yamelowa ndani, akaniomba radhi kwa kuninunulia mabuti yanayovuja. Halafu akakaa na kopo la mafuta ya ngozi akayapaka mshono kwa mshono, na mimi nikakaa pembeni nikila mkate wa nyama na viazi kana kwamba hakuna kitu.

Jumamosi iliyofuata kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na kulikuwa na upepo kutoka ziwani. Kocha alitupanga mstari mbele ya banda.

"Mko sawa?" aliuliza.

"Tuko sawa," tuliitikia kwa pamoja, kama tulivyoitikia kila mara.

Njia ile ilikuwa na urefu wa kilomita kumi na mbili. Katikati yake kuna kibanda cha mbao chenye jiko dogo, ambapo watu hupumzika. Tulikuwa tumekikaribia, kama mita mia mbili hivi, Rosalie akiwa mbele yangu, nilipomwona anayumba. Alitaka kusimama. Kiatu cha kunasa hutoka kwenye pedali ukizungusha kisigino nje, na yeye aliweza kufanya hivyo hata akiwa usingizini. Safari hii kisigino hakikuzunguka. Baiskeli ililala upande, na yeye pamoja nayo, ndani ya theluji laini ya ukingoni.

Mwanzo alicheka. Nikashuka, nikapiga magoti kumnasua.

"Vuta tu kwa nguvu," aliniambia. "Hata sisikii."

"Husikii nini?"

"Mguu. Tangu kule darajani. Usimwambie kocha."

Kocha alitukuta hapo. Aliuliza kuna nini, na Rosalie akasema ameteleza tu, yuko sawa. Kocha akamwambia basi apande, zimebaki kilomita chache, na wakisimama ndipo baridi itakapowashika. Akikanyaga kwa nguvu damu itachemka. Rosalie akasimama. Akapiga hatua moja, goti likakunjika, akakaa tena kwenye theluji. Alitutazama kwa mshangao, maana mguu ulikuwa wake na haukumsikiliza.

Hapo ndipo nilipoyaona mabuti ya kocha. Nilikuwa nimeyaona kila wiki, lakini sikuwa nimeyatazama. Yalikuwa ya kunasa, ndiyo, lakini yalikuwa yametengenezwa kwa ajili ya baridi. Yalipanda mpaka juu ya kifundo. Yalikuwa mapana mbele, yana sufu ndani mpaka chini ya unyayo, na soli nene iliyotenganisha mguu na chuma. Bibi angeliweka boksi lake ndani ya mabuti yale na lisingejikunja hata kidogo. Mtu huyu alijua kabisa namna ya kuchagua kiatu cha baridi. Alijichagulia mwenyewe, na sisi akatupa boksi la viatu vya kiangazi na kutuambia tuongeze soksi.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata tena.

"Kocha, wewe miguu yako ina baridi?" niliuliza.

Alisema haina, na akaniambia nimshike Rosalie mkono tuondoke.

"Basi vua mabuti yako umpe yeye. Wewe uvae vyake, twende."

Wendell, aliyekuwa amefika nyuma yetu, alishusha macho. Kocha aliniambia nichunge ulimi wangu. Nikamwambia ulimi wangu hauna shida, miguu ndiyo yenye shida, na kwamba mimi siendi na Rosalie haendi. Nikakaa chini kwenye theluji, nikazifungua kamba za kiatu cha rafiki yangu. Nilitoa mfuko wa mkate. Nikatoa soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na zilikuwa zimebana hata ikabidi nizivute kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Nilipokibonyeza kidole kidogo kilikuwa kigumu, na yeye alikuwa anatazama juu kwenye miti, hajui kama nimemgusa.

Kocha alivua glavu, akakigusa mwenyewe. Uso wake ulibadilika. Alimbeba Rosalie mgongoni mpaka kibandani akikimbia, na sisi tukafuata tukisukuma baiskeli.

Ndani alitaka kuiweka miguu ya Rosalie mbele ya mlango wa jiko. Nikamzuia. Bibi alikuwa amenifundisha tangu utotoni kwamba mguu usiosikia utaungua na mwenyewe asijue, na kwamba mguu wa namna hiyo hausuguliwi, wala kwa mkono wala kwa theluji, kwa sababu ukiusugua unaichubua nyama iliyoganda. Kocha akaivuta miguu nyuma. Nilifungua jaketi na kupandisha sweta, nikaiweka miguu ya Rosalie kwenye tumbo langu. Baridi ile ilinipiga mpaka mgongoni. Kocha alitoka nje kutafuta mtandao wa simu, akaita watu waje na pikipiki ya theluji.

"Na wewe?" Rosalie aliniuliza. "Vidole vyako?"

"Mimi niko sawa," nikasema.

Nilikuwa nimemaliza kumfokea mtu mzima kwa ajili ya haki, na bado nilidanganya. Vidole vyangu sikuvisikia tangu tulipopita daraja. Lakini kama ningesema, ningevuliwa viatu, na bibi angeambiwa, na angejua habari ya mabuti. Niliogopa macho ya bibi kuliko kupoteza vidole. Ndivyo uongo unavyomfanya mtu kuwa mjinga.

Zahanatini nesi Hautala hakuniuliza niko sawa au siko sawa. Alituamuru wote wawili tuvue. Vyangu vilikuwa vimeanza kuganda juu juu tu, akasema. Vya Rosalie vilikuwa vimeganda ndani zaidi. Aliitia miguu yetu kwenye maji ya uvuguvugu, akipima joto lake mara kwa mara, na damu ilipoanza kurudi tulilia kama watoto wachanga. Sikujua kwamba kupona kunaweza kuuma kuliko kuumia. Vidole vya Rosalie vilivimba na kutoa malengelenge. Nesi alimwambia mama yake kwamba vingine vyote vina matumaini mazuri, na kwamba kidole kidogo cha kulia itabidi kisubiriwe.

Kutoka kitandani nilimsikia kocha kwenye ujia akizungumza na mama yake Rosalie. Alisema amesikitika sana. Alisema alimuuliza mtoto, tena mara mbili, na mtoto akajibu yuko sawa.

"Siwezi kuingia ndani ya viatu vya watoto wa watu," alisema.

Nilitaka kuinuka niende kumjibu, lakini mlango ulifunguliwa na bibi akaingia. Alikuwa ameshika mabuti yangu. Alipitia bandani, akayakuta nyuma ya mlango, makavu. Alinitazama mimi kwanza.

"Nimeyapaka mafuta haya, Saima," alisema. "Nilidhani yanavuja."

Nilimwambia ukweli wote hapo hapo, wa viatu, wa theluji niliyoisugua kwenye sufu, wa kijito. Hakunigombeza. Aliyaweka mabuti chini ya kitanda, akapiga hatua mpaka ujiani, na mlango aliuacha wazi. Nadhani aliuacha makusudi.

"Bwana Trembath," alisema, "mtoto akikwambia ana baridi, unamfanya nini?"

Kocha alijibu kwamba anampumzisha, bila shaka.

"Na nafasi yake kwenye timu?"

Nilisikia mabuti ya kocha yakisogea sakafuni.

"Basi hukuwauliza kitu. Uliwaambia waseme wako sawa, wakasema."

Nilisikia mama yake Rosalie akilia polepole, na nikasikia nyayo za yale mabuti mazuri zikielekea nje.

Jumanne jioni wazazi waliitwa kwenye ukumbi wa shule. Mimi nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye daftari: maneno ya ng'ombe, boksi la viatu, kila kitu. Sikupata nafasi ya kulifungua. Kocha alisimama mbele, akavua mabuti yake na kuyaweka juu ya meza, akabaki na soksi. Aliwaeleza wazazi jinsi alivyoyachagua. Alipima saizi moja zaidi akiwa amevaa soksi nene. Alihakikisha vidole vinacheza. Alihakikisha soli inakinga ule ubaridi wa chuma. Kisha akaleta kiatu kimoja kutoka kwenye boksi la klabu, akakiweka kando ya mabuti, akawaambia kwamba hiki ndicho alichowapa watoto wao.

"Nilijua," alisema. "Siwezi kuwaambia sikujua. Na mmoja wao aliponiambia, nilimcheka."

Wazazi wengine walimfokea sana, na walikuwa na haki. Alisimama na soksi zake akayasikiliza yote. Alitaka kuiacha kazi. Mama yake Rosalie ndiye aliyesema asiende popote mpaka arekebishe alichoharibu.

Sheria ile ilifutwa. Pedali bapa ziliwekwa kwenye baiskeli zote za watoto, na kila mtoto akaruhusiwa buti lolote lenye joto, mradi litoshe. Bibi alikuja bandani na rundo la maboksi matupu, akatupanga mstari, akatuchora miguu sote, na Wendell akagundua kwamba kwa miaka miwili alikuwa akivaa kiatu kidogo kwa saizi moja na nusu. Alinunuliwa mabuti makubwa kama yangu. Sikumwita Mkulima, ingawa ulimi uliniwasha. Tukifika kibandani katikati ya njia, kila mmoja alitakiwa kuvua na kubonyezwa vidole na mwenzake, kocha akiwa wa kwanza.

Adhabu yangu kwa uongo niliipanga na bibi. Majira yote ya baridi yaliyobaki nilikausha sufu za mabuti ya nyumba nzima, na kila asubuhi nilimwambia bibi kama zimekauka, naye akazikagua tena kwa mkono. Alisema ataacha kuzikagua siku atakayoniamini tena. Ilichukua mpaka Aprili.

Kwenye mbio za Februari tulikuwa wa tisa. Hakuna mengi ya kusimulia hapo.

Siku ambayo siisahau ni ile ya wiki tatu baada ya ajali, Rosalie alipokwenda kutolewa bendeji. Mama yake alikuwa kazini, kwa hiyo kocha ndiye aliyetupeleka kwa gari, na alikaa kwenye kiti cha kona, kofia mapajani. Rosalie alikuwa amefurahi. Njiani kote alikuwa ameniambia kwamba akipewa ruhusa leo, Jumamosi yuko msituni. Malengelenge yalikuwa yamekauka, ngozi mpya ilikuwa ya waridi, na ukucha wa kidole kidogo cha kulia ulikuwa umeng'oka.

Nesi Hautala alimwambia afumbe macho. Atamgusa vidole kwa ncha ya kalamu, na kila akisikia aseme ni kipi. Akaanza na mguu wa kushoto, akaumaliza wote bila kosa. Akaja wa kulia. Cha kwanza, alisema Rosalie. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Nesi akaiweka kalamu kwenye kidole kidogo, na mimi nikaona nyama ikibonyea.

Rosalie alinyamaza. Nilijua anachokifikiria, kwa sababu ningefikiria hivyo hivyo. Nesi alikuwa akienda kwa mpangilio, na kilikuwa kimebaki kimoja. Angesema tu cha tano, na Jumamosi angekuwa juu ya baiskeli. Alikaa hivyo, macho amefumba, nami nikashika ukingo wa kiti changu.

"Umeshagusa?" aliuliza.

Nesi aliiacha kalamu pale pale.

"Kama umegusa, hicho sikisikii," alisema Rosalie. "Najua ni cha tano kwa sababu ndicho kilichobaki."

Nesi alishusha pumzi, akaiweka kalamu mfukoni na kukifunika kile kidole kwa kiganja chake.

"Fumbua macho, binti yangu. Hilo ndilo jibu nililolitaka," alisema. "Ungenidanganya, ningeandika kwamba umepona, ungerudi kwenye theluji, na kidole hiki tungekikata kabla ya Machi. Mwili wako unajua mambo ambayo mimi siwezi kuyaona. Mdomo wako usiposema ukweli, mimi nitatibu nini?" Kisha alimgeukia kocha kwenye kona. "Na sisi wakubwa, mtoto akishasema ukweli kama huu, kazi yetu ni moja tu. Asijute kuusema."

"Nimeelewa," alisema kocha. Alikuwa anatazama sakafu. "Nafasi yako ipo, Rosalie. Mwaka huu, mwaka ujao, siku utakayopona."

Rosalie hakurudi kwenye baiskeli mpaka theluji ilipoyeyuka. Leo tuna miaka ishirini sote wawili, na bado tunaendesha njia ile, yeye mbele, mimi nyuma. Kidole kile hakikukatwa, lakini hakikupata tena hisia. Kila tukisimama kibandani yeye huvua buti na kukishika kwa mkono aone kama kimepoa, kwa sababu chenyewe hakiwezi tena kumwambia.